Nadine na Kompyuta Mbili Zisizoelewana

Huku kwetu Mvara, mtaa wa mji wa Arua nchini Uganda, ukiuliza kwa Nadine ni wapi, utaulizwa kwanza: Nadine wa cherehani au Nadine wa kompyuta? Huyu ni wa kompyuta. Ni binti wa Étienne, fundi redio aliyevuka mpaka kutoka upande wa Kongo akiwa amembeba Nadine kabla hajaota meno. Mzee Étienne anaamini mpaka leo kwamba hakuna chombo cha umeme kisichopona kwa kibao cha ubavuni. Kwa hiyo Nadine alikulia katikati ya redio zinazokoroma, zinazopiga miluzi, zinazoongea lugha tatu kwa mpigo, na nadhani ndiyo sababu akawa mtu wa kupenda kimya. Hata simu yake wakati ule haikuwa na mlio. Mbwa wa jirani akibweka, humtupia mfupa, wala si kwa huruma.

Alisomea kompyuta hapa hapa Arua. Alipomaliza akahangaika kidogo kuchapa kadi za mialiko, mpaka siku moja alipoajiriwa na Mama Thérèse.

Mama Thérèse ndiye yule mwenye mahema. Anakodisha mahema, viti, vipaza sauti, masufuria, vitambaa, kila kitu ambacho watu huhitaji wakikutana wengi, iwe ni kwa ubatizo, harusi au msiba. Lori lake limeandikwa ubavuni: KWA RAHA NA KWA SHIDA, TUNAFIKA. Naye ni Mkongomani, mwanamke mpana mwenye sauti pana zaidi. Akiwa ofisini kwake mjini Arua anaongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kusimama.

Biashara ilipokua alifungua ofisi ya pili Koboko, akamweka Mogga kuiongoza. Mogga ni mtoto wa mwanajeshi, amezaliwa kambini na kukulia kambini. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa gwanda hata siku moja, lakini anapanga viti vya plastiki kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, kisha anapita mbele yake akivikagua, na kiti kilichovunjika mguu anakiondoa kwa masikitiko kama askari aliyejeruhiwa.

Ofisi zikawa mbili, zinatumia mali moja, na wateja wanatoka kila upande. Ndipo Mama Thérèse alipomwita Nadine akamwambia, "Minataka nikiwa Arua nione ya Koboko, na Mogga akiwa Koboko aone ya Arua. Fanya."

Nadine akafanya. Aliweka kompyuta moja Arua na nyingine Koboko, kisha akaziunganisha kwa programu ya kunakili. Kazi ya programu hiyo si ngumu kuieleza. Oda ikiandikwa Arua, programu inaibeba na kuiandika vilevile kwenye kompyuta ya Koboko. Ikiandikwa Koboko, inaletwa Arua. Na kila oda inapewa namba na kompyuta yenyewe. Ya mwisho ikiwa mia tatu, inayofuata ni mia tatu na moja. Hakuna mtu anayegusa namba.

Mtandao ukiwapo, mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Lakini mtandao wa huku kwetu una tabia za mkwe: unakuja unapotaka wenyewe, na mvua ikinyesha hauji kabisa. Ukikatika, kila kompyuta inabaki peke yake na inaendelea kugawa namba bila kumjua mwenzake. Arua inampa mtu namba mia tatu na hamsini kwa ubatizo. Koboko nayo, saa hiyo hiyo, inampa mwingine namba hiyo hiyo kwa mkutano wa wakulima. Mtandao ukirudi, programu inaibeba ile ya Koboko mpaka Arua, inakuta kiti kimekaliwa. Basi inasimama mlangoni na kupiga kelele: namba hii ina mwenyewe! Na ikishasimama, oda zote zilizo nyuma yake nazo zinasimama, foleni mpaka nje.

Mara ya kwanza ilipotokea, Nadine alifurahi kama daktari aliyepata mgonjwa wake wa kwanza. Aliichunguza, akaipa oda ya Koboko namba mpya kwa mkono, akaiwasha programu, foleni ikatembea. Mara ya pili alifanya hivyo hivyo bila furaha. Mara ya tatu alikuwa kanisani, katikati ya mahubiri, simu ikitetemeka ndani ya mkoba kama panya aliyenaswa.

"Nadine! Hii kitu imesimama tena!"

"Mama, niko kanisani."

"Na mimi niko na watu mbele yangu! Mungu anaona batu wote, mimi siwezi kuona hata Koboko!"

Majirani wa benchi walisikia kila neno, maana sauti ya Mama Thérèse haihitaji kipaza sauti cha simu.

Basi likaja juma la mvua, programu ikasimama kila asubuhi. Nadine alichoka. Aliingia mtandaoni kutafuta dawa, akakuta mtu fulani, wa nchi asiyoijua, ameandika kwamba shida hii ina suluhisho rahisi: ongeza mstari mmoja kwenye mipangilio, wa kuiambia programu kwamba ikikuta kosa la namba kurudiwa, iliruke na kuendelea na safari. Watu wengi walikuwa wamemshukuru. Hakuna aliyeandika kilichotokea baada ya shukrani. Nadine aliuweka ule mstari Arua, akauweka na Koboko, akaziwasha upya kompyuta zote mbili.

Kimya.

Siku ilipita, kimya. Mvua ilinyesha, mtandao ukakatika, ukarudi, na bado kimya. Mama Thérèse alimnunulia soda akamwambia mbele ya wateja kwamba mtoto wa Étienne ana mkono. Nadine akalala usingizi mzuri, hajui kwamba kompyuta inaweza kunyamaza kama anavyonyamaza mtoto aliyeko jikoni peke yake na bakuli la sukari. Maana programu ilikuwa inafanya kazi yake kama ilivyoagizwa. Kila ilipofika mlangoni na kukuta kiti kina mtu, ilimwacha abiria wake barabarani na kuendelea. Arua ikabaki na mambo yake, Koboko na yake, na kila moja ikijua kwa uhakika kwamba inayo yote.

Hayo yangeweza kuendelea muda mrefu kama si oda namba mia nne na kumi na mbili.

Kwenye kompyuta ya Arua, namba hiyo ilikuwa harusi ya binti wa Mzee Acidri huko Ayivu, jirani na Arua: mahema meupe, kipaza sauti, riboni za waridi, tao la maua lenye umbo la moyo, meza ya keki ya ngazi tano, na viti viwili vikubwa vya dhahabu vya bwana na bibi harusi. Kwenye kompyuta ya Koboko, namba hiyo hiyo ilikuwa kuvunja matanga ya Mzee Loro, mwanajeshi mstaafu wa Kuluba, upande wa Koboko, aliyekuwa amezikwa miezi kadhaa nyuma: mahema ya kahawia, mabenchi, vitambaa vya zambarau, kipaza sauti cha katekista. Zote mbili Jumamosi moja.

Ijumaa jioni Mogga alimpigia simu Moris, dereva wa lori.

"Moris, sikiliza vizuri. Kesho asubuhi, oda mia nne na kumi na mbili, Kuluba. Pakia yote huko Arua, hema yangu hapa iko nakauka. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande." Kila mtu humwita Mogga afande, ukimwita jina anachelewa kuitika.

Moris ni dereva mzuri kwa sababu haulizi, na ni dereva mbaya kwa sababu hiyo hiyo. Alifika bohari ya Arua kabla ya jua, akachapisha karatasi ya namba mia nne na kumi na mbili, akapakia kila kilichoandikwa. Aliona kweli kwamba karatasi inasema Ayivu na Mogga amesema Kuluba. Akafikiri kidogo, akajipa jibu: bila shaka bibi harusi ni wa Ayivu na bwana ni wa Kuluba, maana siku hizi watu wanaoana bila kuangalia umbali. Akabonyeza kwenye kompyuta kwamba oda imetoka, akaondoka.

Saa tatu asubuhi Mzee Acidri alimpigia simu Mama Thérèse. Alianza kwa upole, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Mama, umeamkaje? Watu wako iko njiani?"

Mama Thérèse alitazama skrini. "Mzee, banafika zamani. Hapa inasema imetoka tangu alfajiri."

"Imetoka kwenda wapi?"

"Kwako."

"Kwangu hapa? Mama, mimi nasimama katikati ya uwanja. Naona kuku. Naona muhogo imeanikwa. Hema hapana."

"Lakini kompyuta inasema—"

"Sasa wageni nakalia nini?" sauti ya mzee ikapanda. "Nakalia kompyuta?"

Nadine alikuwa anafua nguo Mvara alipopigiwa. Alipanda boda na mikono ina povu. Ofisini alifungua oda mia nne na kumi na mbili: harusi, Ayivu. Hakuna kasoro. Akampigia Mogga.

"Afande, nisomee mia nne na kumi na mbili kwako."

Mogga alisoma karatasi aliyochapisha Koboko, kwa sauti ya kusoma amri. "Kuvunja matanga. Marehemu Mzee Loro. Kuluba. Hema kahawia, sita. Kitambaa, zambarau. Na mimi niko Kuluba sasa, Nadine, na nataka kukuuliza kitu moja. Nani ametuma moyo?"

"Moyo?"

"Moyo kubwa ya maua. Katekista iko nasimama ndani."

Nadine alikata simu. Alifungua faili ambalo programu huandika habari zake, faili ambalo hakulitazama tangu siku ya ile soda, akaona programu haikuwa kimya hata kidogo. Ilikuwa imeandika kila siku, kwa uaminifu, mstari juu ya mstari: kosa, namba imerudiwa, nimeruka. Nimeruka. Nimeruka. Alishusha ukurasa, akashusha tena, na bado ilikuwa inaruka.

"Mama," alisema, "si Moris wala Mogga. Ni mimi. Niliiambia isipige kelele."

Nadine alingoja ile sauti pana imwangukie. Haikuja. Mama alichukua ufunguo wa gari na kusema polepole, "Twende Kuluba." Njia nzima ya Koboko hakufungua mdomo, na hapo kwa mara ya kwanza maishani mwake Nadine aliomba mtu ampigie kelele.

Kuluba walikuta uwanja wa Mzee Loro umependeza ajabu. Moris na wapakizi wake ni watu wa kasi; walikuwa wameshusha na kusimamisha kila kitu kabla wenye msiba hawajamaliza chai. Mahema meupe yalipepea riboni. Katekista, kwa kukosa mahali pengine penye kivuli na kipaza sauti, alikuwa anaongoza sala chini ya tao la moyo, na kila alipoinua mikono, ua moja la plastiki lilimdondokea begani. Wazee waliokuja kumuaga askari mwenzao walikuwa wamekaa wima, hawatazamani, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kucheka. Juu ya ile meza ya keki ya ngazi tano, kwa sababu meza ni meza, wanawake walikuwa wamepanga sahani za muhogo na maharage, ngazi kwa ngazi mpaka juu.

Na mbele kabisa, kwenye kimojawapo cha viti viwili vya dhahabu, alikaa mjane mwenyewe, Mama Paska, mwembamba ndani ya vitenge vyeusi, miguu haigusi chini.

Sala ilipoisha Mama Thérèse alipiga magoti mbele yake, na kwa mwili ule kupiga magoti si jambo dogo.

"Mama, utusamehe. Tumekosa. Hii vitu ni ya arusi ya Ayivu. Bibi arusi iko nalia. Tunaomba kubeba, tukuletee ya matanga."

"Beba," alisema Mama Paska.

"Asante, mama."

"Beba hema. Beba maua, katekista amechoka nayo. Hii kiti, hapana."

Watu walisogea karibu. Mama Paska alishika mikono ya kiti kama mtu aliyeko kwenye basi.

"Mimi naolewa na Loro kambini," alisema. "Siku ile yeye nasema, Paska, arusi yetu kesho. Kesho nakuja amri, anapelekwa upande ingine. Anarudi, mimi nauliza. Nasema kesho. Tunazaa watoto, nasema kesho. Anakuwa mzee, hapana meno, nasema kesho. Sasa yeye anakufa, na leo asubuhi mimi naamka, naona viti mbili ya arusi iko mlangoni." Aligeuka kukitazama kile kingine kitupu kilichokuwa kando yake. "Nani ametuma, kama si yeye? Mimi hapana toka mpaka jua inaanguka."

Hapo ndipo wale wazee wa jeshi walipocheka. Mmoja alianza, wengine wakafuata, wakacheka mpaka wakafuta macho kwa migongo ya mikono, na haikujulikana tena ni machozi ya nini. Hata Mama Paska alitabasamu, lakini mikono yake haikuachia kiti.

Nadine alitaka kueleza. Alisema kwamba kwa kweli ni mtandao ulikatika, kompyuta mbili zikatoa namba moja, na programu... Mama Thérèse alimkanyaga mguu. "Wacha," alimnong'oneza. "Yake ni nzuri kuliko yako."

Mogga ndiye aliyeokoa siku. Kumbe alikuwa amengoja maisha yake yote kupewa hali kama ile. Aliwapanga vijana wa ukoo mistari miwili, akapiga filimbi, na mahema meupe yakashuka kwa amri, yakakunjwa kwa amri, yakapanda lori kwa amri. Mahema ya kahawia yaliletwa kutoka Koboko kwa gari la kukodi, bado yana unyevu, yakasimamishwa palepale yalipotoka meupe. Kiti kimoja cha dhahabu kikapakiwa. Kingine kilibaki na mwenyewe. Vijana wanne waliopanda lori ili kusaidia kushusha hawakurudi Kuluba siku ile. Inasemekana walicheza vizuri sana huko Ayivu, na mmoja wao mpaka leo anafuatilia binti aliyekuwa akigawa soda.

Lori lilifika kwa Mzee Acidri mchana, wageni wakiwa wamekaa kwenye mikeka na subira imewaishia. Kila mtu alishika kamba. Harusi ikasimama kwa haraka kuliko kibanda cha sokoni. Ilibaki shida moja: kiti cha dhahabu ni kimoja na wanaooana ni wawili. Bibi harusi alikalia chake bila kuulizwa. Kwa bwana harusi, kijana wa kiasi aitwaye Anguzu, Mama Thérèse alitoa kiti chake mwenyewe cha ofisini, cha ngozi nyeusi, kirefu cha mgongo, chenye heshima kabisa. Akakifunga riboni.

Hakukumbuka kwamba kiti kile kina magurudumu, wala hakuna aliyekumbuka kwamba uwanja wa Mzee Acidri una mteremko. Mjomba wa bibi harusi aliposimama kutoa nasaha, Anguzu alianza kuondoka. Aliondoka taratibu, ameketi, mikono magotini, uso wa heshima, akielekea upande wa muhogo ulioanikwa. Mjomba alikuwa anasema, "Mume mwema hamwachi mke wake," na watu wakaanza kujishika mbavu. Msimamizi wa bwana harusi alimkimbilia, akamrudisha, na sherehe yote iliyobaki akakaa ameweka mguu wake nyuma ya gurudumu. Bibi harusi, ambaye alikuwa amelia tangu asubuhi, alicheka mpaka wakamletea maji.

Jumatatu Nadine alimwomba Mama Thérèse amwite Mogga Arua pamoja na kompyuta yake. Mogga aliileta ameipakata mapajani kwenye lori la Moris, amekataa kabisa isiwekwe nyuma. Kompyuta mbili zikawekwa meza moja, ubavu kwa ubavu, na kazi ikaanza: oda kwa oda, namba kwa namba, hii inasemaje na ile inasemaje.

"Ya kweli ni yangu," Mama Thérèse alisema kabla hata hawajaanza. "Iko Arua. Iko ofisi kubwa."

"Yangu hapana zimika hata siku moja," alisema Mogga. "Ya mama inazimika kila wiki. Sasa iliyolala najua kuliko iliyokesha?"

"Zote mbili zinasema kweli," alisema Nadine. "Kila moja inasema kweli yake. Hakuna oda ya uongo hapa. Ila kuna watu wawili kwenye kiti kimoja, na mimi niliiambia programu ijifanye haioni."

Walipata namba nyingi za namna hiyo. Jumamosi iliyokuwa inakuja, namba moja ilikuwa ubatizo wa mapacha Arua na fainali ya mpira Koboko. Nyingine ilikuwa mahafali ya chekechea upande mmoja, na upande wa pili mkutano wa wazee wa ukoo wa kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba.

"Hii tungewapa wazee viti vya watoto," alisema Mama Thérèse.

"Pengine wangepatana," alisema Mogga.

Kwanza Nadine alitoa ule mstari wa kuruka. Aliufuta kwenye kompyuta zote mbili, akamwita Mama Thérèse aangalie unavyofutwa, ingawa mama hakuona tofauti. Kisha kila oda ya Koboko iliyokuwa imeachwa barabarani aliipa namba mpya na kuiingiza Arua, mpaka Arua ikawa na zote, za huku na za kule. Baada ya hapo ilibidi aifute kompyuta ya Koboko na kuimwagia nakala nzima kutoka Arua, ili zote mbili zianze mahali pamoja. Hapo Mogga alisimama.

"Yangu inafutwa?"

"Inafutwa halafu inajazwa, afande. Vyako vyote vimeshahamia humu. Angalia, Mzee Loro huyu hapa."

Mogga alimtafuta Mzee Loro kwenye skrini, akamkuta, akaridhika. Lakini aligeuka kando wakati wa kufuta.

Ilibaki dawa yenyewe ya ugonjwa. Nadine aliwaeleza: mtandao utakatika tu, hilo hana uwezo nalo. Basi ofisi moja itoe namba za moja, tatu, tano, saba. Nyingine itoe mbili, nne, sita, nane. Hata zikikaa mbali mwezi mzima, haziwezi kugongana kamwe.

"Nzuri," alisema Mama Thérèse. "Arua moja, Koboko mbili."

"Kwa nini Koboko nakuwa mbili?" Mogga aliuliza.

"Arua ni makao makuu."

"Mama, mimi nimefanya kazi hapa miaka yote, hapana lalamika. Ilipokosea Arua, nani ametengeneza Kuluba? Sasa baba yangu akiuliza kaburini, Mogga, wewe namba ngapi, mimi najibu mbili?"

Wakabishana. Nadine alijaribu kusema kwamba kwa kompyuta hakuna mkubwa kati ya moja na mbili, hawakumsikia. Mwishowe Mama Thérèse aliwaza, uso ukafunguka.

"Chukua moja," alisema. "Moja ni mutu peke yake. Mbili ni bwana na bibi. Mimi ni mutu wa arusi."

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo: ukikodi hema Koboko, namba yako haigawanyiki kwa mbili, na ukikodi Arua inagawanyika, na kila mmoja wa wale wawili anaamini alimshinda mwenzake.

Siku zilizofuata Nadine alishinda kwenye simu, akiwapigia wateja wote waliogongana, mmoja mmoja, kuwaambia namba zao mpya. Wengi hawakuwa wanajua wana namba. Mama Thérèse hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba soda ile airudishe, na Nadine akanunua kreti nzima, ikanywewa ofisini siku moja. Mzee Étienne aliposikia habari yote, alisema kwamba kibao kimoja tu cha ubavuni kingetosha.

Mwezi uliofuata, Jumanne moja ya mvua, simu ya Nadine ililia. Siku hizi ina mlio, mkali kama wa ambulensi, umewekwa ulie programu ile inaposimama tu. Alikuwa hajaishika vizuri alipoona na Mogga anapiga.

"Nadine. Taarifa kutoka Koboko."

"Sema, afande."

"Programu imesimama asubuhi hii. Inasema nataka kubadilisha oda, oda yenyewe hapana iko. Nimechunguza. Mkosaji nimemkamata."

"Nani?"

"Ni mimi," alisema Mogga. "Mteja alikuja hapa kwangu kughairi. Mtandao hapana, nikaifuta na mkono. Kumbe mama huko Arua iko naongeza viti kwa oda ile ile."

Nadine alicheka, akavuta kiti karibu na kompyuta. "Usiguse kitu, afande. Nisomee maandishi, neno kwa neno."

Na Mogga, amesimama wima bila shaka, akaanza kusoma.